Birika la Umeme na Sufuria ya Chai: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Katika nyumba nyingi za Tanzania, chai ya maziwa hupikwa. Maji, maziwa na majani ya chai, pengine pamoja na tangawizi au hiliki, huchemshwa katika sufuria moja, kisha chai huchujwa na kutiwa kwenye chupa ya chai. Siku hizi birika la umeme, ambalo wengine huliita jagi la umeme, hununuliwa ili lichukue nafasi ya sufuria hiyo. Ni vyema mtumiaji afahamu mapema kwamba vyombo hivi viwili havifanyi kazi moja.

Birika la umeme limeundwa kuchemsha maji, na kazi hiyo hulifanya vizuri. Birika la wati 2,000 huchemsha lita moja kwa takriban dakika 3, na hutumia karibu sehemu moja ya kumi ya uniti ya umeme. Hasara huanza pale linapojazwa pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja. Pima maji unayoyahitaji, ila yasishuke chini ya alama ya kiwango cha chini iliyochorwa kwenye birika.

Sufuria, kwa upande wake, hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupika chai na huchemsha maziwa. Kazi hii ya pili ndiyo husahaulika birika linapoingia nyumbani. Mtu humimina maji ya moto kikombeni, hutia majani, kisha huongeza maziwa mabichi yaliyonunuliwa kwa mfugaji. Maziwa hayo hupoza chai, nayo hayapati joto la kutosha kuua vijidudu. Maziwa mabichi yanaweza kueneza brusela na kifua kikuu. Kwa hiyo, ukitumia birika, chemsha maziwa kwanza katika sufuria, au tumia maziwa ya pakiti yaliyokwisha kupasteurishwa na kuhifadhiwa ipasavyo.

Usijaribu kuchemsha maziwa ndani ya birika lenyewe. Maziwa hugandia na kuungua kwenye kitako, tena huumuka na kufurika hadi kwenye kikalio chenye umeme. Majani ya chai na viungo navyo visitiwe humo.

Unaponunua birika la umeme, tunakushauri:

1. Uhakikishe kuwa volti, wati na jina la mtengenezaji vimeandikwa kwenye kitako. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230.

2. Uombe lijaribiwe dukani likiwa na maji, ili uone kama hujizima lenyewe maji yanapochemka.

3. Ukague kifuniko, mpini na waya. Kifuniko kilicholegea huruhusu maji ya moto kumwagika mkononi.

4. Udai risiti na uihifadhi pamoja na hati ya waranti.

Nyumbani, lichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, mzigo unaoweza kupasha moto ekstensheni nyembamba hadi ikaungua. Waya wake usining'inie mahali ambapo mtoto anaweza kuuvuta.

Mnunuzi wa maziwa mabichi asiiondoe sufuria jikoni: birika litamharakishia maji, lakini maziwa yataendelea kuihitaji sufuria.