Alama Ubavuni mwa Meli

Sisi tukaao Mwandoya tu mbali na ziwa. Nchi yetu ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mto wapate maji ya kunywa. Walakini hata mtu wa Mwandoya hupanda meli. Akitaka kwenda Ukerewe au Bukoba, husafiri kwa basi mpaka Mwanza, na huko hushuka bandarini pamoja na mizigo yake. Basi yafaa kila mwanafunzi ajue jinsi maisha ya abiria yanavyolindwa bandarini, na kwa nini sheria za huko ni kali.

Kwanza tulitazame gari la ng'ombe, maana hilo twalijua sote. Ukipakia magunia kwa kiasi, nayo yakalala chini, gari huenda salama. Ukiyapandisha juu mno, gurudumu moja likiingia shimoni, gari hulala upande na kuanguka. Meli nayo ni vivyo hivyo. Mzigo mzito hauna budi kuwekwa chini, ugawanywe sawasawa kulia na kushoto, tena ufungwe usitembee wakati wa mawimbi. Mabaharia wa majahazi, wasipokuwa na shehena, walitia mawe au mchanga chini ya chombo ili kisiyumbe, nao waliita uzito huo farumi. Siku hizi meli nyingi hujaza maji katika matangi ya chini kwa kazi iyo hiyo.

Lakini hata mzigo uliopangwa vizuri una kiasi chake. Katika karne ya 19, huko Uingereza, baadhi ya wenye meli walipakia kupita kiasi kwa kutaka faida, na mabaharia wengi wakapotea baharini. Mbunge mmoja, jina lake Samuel Plimsoll, aliwatetea mabaharia hao miaka mingi, hata mwaka 1876 ikatungwa sheria ya kwamba meli za biashara ziwe na alama ubavuni. Alama hiyo ni duara lililokatwa katikati kwa mstari. Mstari ukifikia maji, upakiaji umekwisha. Mwanzoni mwenye meli alijichagulia mwenyewe mahali pa kuichora, kwa hiyo haikuwa kizuizi kwa mtu mwenye tamaa. Baadaye sheria ikamwondolea uhuru huo. Uzuri wa alama hii ni kwamba hata asiyejua kusoma aweza kuitazama akiwa amesimama gatini.

Kando ya duara kuna mistari mingine midogo, kwa kuwa maji yote si sawa. Jaribuni jambo hili shuleni. Tieni yai bichi katika bilauri ya maji ya kunywa, litazama. Kisha tieni chumvi nyingi, mkoroge, yai litaelea. Maji ya chumvi huinua vitu kuliko maji baridi. Kwa hiyo meli yenye mzigo ule ule huzama chini zaidi kidogo ikiwa ziwani kuliko ikiwa baharini, na mistari ile midogo huonyesha tofauti hiyo.

Sheria nyingine ilinunuliwa kwa maisha ya watu wengi. Mwaka 1912 meli kubwa Titanic iligonga mlima wa barafu, ikazama. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,200, na mashua za kuokolea zilitosha watu 1,178 tu. Watu wapatao 1,500 walikufa. Ajabu ni kwamba mashua hizo zilizidi hata zile zilizotakiwa na sheria ya siku zile! Ndipo mataifa yalipokutana London, na mwaka 1914 yakaandika mapatano ya kulinda maisha baharini. Mapatano hayo yametengenezwa upya mara kadhaa, na yale yanayotumika sasa ni ya mwaka 1974.

Katika nchi yetu, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, liitwalo TASAC, ndilo lenye kazi ya kukagua vyombo vya majini na kuvipa vyeti. Mkaguzi hutazama bodi kama linavuja, injini kama ni nzima, na maboya ya kuvaa kama yanatosha watu wote. Tena kabla ya safari, majina ya abiria yapasa kuandikwa, mizigo ipimwe, watu wahesabiwe, na habari za upepo ziulizwe. Mambo haya yote ni madogo, wala hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji mtu mmoja tu asemaye, "Basi, imejaa," naye akashika neno lake.

Sasa tuone yatokeayo neno hilo lisiposhikwa. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996, meli MV Bukoba ilikuwa safarini kutoka Bukoba kwenda Mwanza, nayo imechukua watu kupita kiasi. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikalala upande, ikapinduka. Haikuzama mara moja, kwa sababu hewa ilibaki ndani yake. Waokoaji walisikia watu wakigonga ndani, wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa nguvu, na meli ikazama. Watu zaidi ya 800 walikufa. Idadi yao kamili haikujulikana, maana si wote walioandikwa majina, na wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko, na watu waliopanda walizidi mara mbili ya hesabu hiyo, pamoja na mizigo yao. Kilipokuwa karibu kabisa na gati ya Ukara, kikapinduka. Watu zaidi ya 220 walikufa, na 41 wakaokolewa.

Tusiwacheke wala tusiwalaumu bure wale waliopanda. Walikuwa wametoka sokoni, wamechoka, watoto wanawangoja nyumbani. Nani kati yetu hajapanda gari lililojaa kwa kuwa hakutaka kungoja? Ndiyo maana sheria haikuachwa mikononi mwa abiria peke yao. Karani wa tiketi, mkaguzi na nahodha wamepewa amri ya kukataa, kwa sababu aliye na haraka hawezi kujihukumu mwenyewe. Nahodha anayekataa kung'oa nanga hutukanwa siku hiyo. Lakini abiria wake hufika.

Nanyi mna sehemu yenu. Mkisafiri majini, toeni majina yenu kwa karani, hata kama hakuwauliza. Tazameni maboya yako wapi kabla chombo hakijaondoka. Msikimbilie upande mmoja wakati wa kufika gatini, maana uzito wenu ni kama magunia yaliyohama katika gari. Na mkiona watu wamesongamana hata hapana pa kusimama, shukeni, mngoje kingine. Wazee walisema, "Kawia ufike."

MASWALI

1. Kwa nini mzigo mzito huwekwa chini katika meli?
2. Mstari ulio katikati ya duara ubavuni mwa meli una maana gani?
3. Kwa nini idadi kamili ya waliokufa katika MV Bukoba haikujulikana?
4. Kivuko kimejaa na jua linakuchwa. Wewe ndiwe nahodha. Abiria walioachwa gatini utawaambia nini?