Mahitaji na Usafirishaji wa Mahindi ya Uganda: Kalenda ya Mavuno na Tatizo la Unyevu

Utangulizi

Nchini Kenya na Tanzania ugali wa mahindi ndio chakula kikuu cha kaya nyingi. Nchini Uganda mahindi hushindana mezani na matoke, mihogo, viazi vitamu na wimbi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ziada hutafuta mnunuzi nje ya mipaka. Makala haya yanaeleza mwenendo wa mahitaji ya ndani na ya nje ya zao hilo. Hoja yake ni kwamba kikwazo cha usafirishaji si uchache wa wanunuzi, bali ni unyevu wa punje katika miezi ile ile ambayo wanunuzi wanayahitaji mahindi zaidi.

Mahitaji ya ndani

Posho, kama ugali unavyoitwa Uganda, ni chakula cha taasisi kabla ya kuwa chakula cha kaya. Shule, magereza na kambi za majeshi ni wateja wakubwa wa wasagaji, pamoja na watengenezaji wa chakula cha mifugo. Soko la namna hii hutegemea maamuzi ya wachache. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa muda huo wasagaji walipungukiwa na mteja muhimu, na mkulima alizidi kuitegemea bei ya mpakani.

Mahitaji ya nje

Kenya ndiyo mnunuzi mkuu, na mahindi huingia huko hasa kupitia Busia na Malaba. Sudan Kusini hupokea nafaka na unga kupitia Elegu, na Rwanda nayo hununua. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze kazi mwaka 2005, mahindi yanayozalishwa ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru wa forodha.

Nguvu ya biashara hii imo katika kalenda. Uganda ina misimu miwili ya mvua, na mavuno ya msimu wa kwanza huanza Juni. Mavuno makuu ya Bonde la Ufa nchini Kenya huanza Oktoba. Kati ya miezi hiyo maghala ya Kenya hupungua, bei hupanda, na mahindi ya Uganda huwa na soko la uhakika. Mavuno ya msimu wa pili hukutana sokoni na mahindi mapya ya Kenya yenyewe.

Unyevu na sumukuvu

Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi ya msimu wa kwanza mara nyingi huvunwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, na katika maeneo mengi mvua huwa haijakatika. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huanika mahindi chini kwa siku chache, kisha huuza. Mchuuzi hununua kwa uzito, aghalabu bila kupima unyevu. Hivyo maji hulipwa bei moja na punje, na aliyekausha vizuri hupata kilo pungufu na malipo pungufu.

Madhara ya kuvu si ya kufikirika. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kutokana na sumukuvu katika mahindi, ambayo kwa sehemu kubwa yalilimwa huko huko. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kisha ikaondoa zuio baada ya siku chache kwa masharti ya usajili wa waagizaji na vyeti vya usalama. Mwaka 2023 malori ya nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiliwa Sudan Kusini kwa madai kama hayo. Katika kila zuio, hasara hurudi kwa mkulima kwa njia ya bei.

Mapendekezo na hitimisho

Ukaguzi wa mpakani hugundua sumu ikiwa imekwisha kuingia, hauwezi kuiondoa. Sera yenye manufaa ingeanzia kituo cha kwanza cha ununuzi: kipimo cha unyevu kwa kila mnunuzi, bei inayotofautisha mahindi makavu na mabichi, na vikaushio vya pamoja vinavyofanya kazi mvua ikinyesha. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao Uganda iliutungia sheria mwaka 2006, unaweza kumpa mkulima fedha za awali bila kumlazimisha kuuza mara avunapo. Aidha, nchi wanachama zinapaswa kutambua vyeti vya maabara za wenzao, ili shehena iliyopimwa Kampala isisubiri upya Busia.

Uganda haihitaji kutafutiwa soko jipya la mahindi ya Juni. Inahitaji kuyafikisha yakiwa makavu katika soko ambalo tayari linayangoja.