Vimelea vya Damu katika Farasi wa Ranchi: Kisa cha Texas

Farasi wa ranchi hupimwa kwa kazi yake. Akitandikwa alfajiri na kuswaga ng'ombe hadi jioni, husemwa kuwa ni mzima. Makala haya yanadhihirisha kwamba kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa upo ugonjwa wa damu, piroplazimosi, unaoweza kukaa ndani ya farasi mchapakazi pasi na dalili yoyote.

Husababishwa hasa na vimelea viwili, Theileria equi na Babesia caballi, cha kwanza kikiwa sugu zaidi. Kupe anapomuuma farasi, Theileria equi huingia pamoja na mate yake, ikavamia chembe nyeupe za damu, kisha chembe nyekundu, ambazo huzipasua. Hapo farasi hushikwa na homa, ufizi ukapauka au kuwa wa manjano, na mkojo ukageuka rangi. Wapo wanaokufa. Wengi hupata nafuu, ila nafuu yenyewe ni ya nje tu: asipotibiwa, farasi huyo hubaki na kimelea maisha yake yote, naye kupe amwumaye aweza kukipeleka kwa mwenzake.

Jamaa ya kimelea hiki, Theileria parva, ndiyo chanzo cha ndigana kali ya ng'ombe. Inafaa kutajwa kwamba msamiati wa Kiswahili kuhusu maradhi ya ng'ombe ni mpana, ilhali ule wa farasi ni haba mno.

Mwili wa farasi nao husaidia kuuficha upungufu wa damu. Wengu wake huhifadhi akiba kubwa ya chembe nyekundu, na akikimbia, akiba hiyo humiminwa mishipani. Chembe ambazo zilikuwa takriban asilimia 40 ya damu alipotulia zinaweza kufikia asilimia 60. Daktari mwangalifu basi humwacha apumzike kabla ya kumtoa damu. Hata hivyo, kinachomfichua mbebaji ni kipimo cha kingamwili.

Mnamo Oktoba 2009, ugonjwa huu uligunduliwa katika farasi jike wa ranchi moja kusini mwa Texas. Wenzake walipopimwa, 292 walipatikana wameambukizwa, aghalabu bila dalili. Kanuni za Marekani ziliwaachia wenye farasi kama hao njia chungu: kuwaua, kuwatenga daima, kuwatoa nje ya nchi au kuwakabidhi watafiti. Kwa ranchi iliyozalisha farasi wake yenyewe kizazi baada ya kizazi, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa ianze upya. Ndipo dawa ya imidokabu ilipojaribiwa kwa kipimo kikubwa: sindano nne, kila baada ya saa 72, pamoja na maumivu ya tumbo na kutokwa na mate. Farasi wengi waliotibiwa walitakasika, na baadaye serikali ikaruhusu waliothibitishwa kuwa safi watolewe karantini.

Visa vingine vilivyofuata nchini humo havikutokana na kupe. Vilihusishwa na sindano zilizotumiwa kwa farasi zaidi ya mmoja, hasa katika mbio zisizo rasmi.