Jiwe la Liganga na Makaa ya Mchuchuma

Wasikilizaji wetu, katika nchi ya Ludewa, upande wa Njombe, watu hutaja pamoja majina mawili: Liganga, penye mawe ya chuma, na Mchuchuma, penye makaa ya mawe. Jiwe la Liganga ni jeusi, tena zito, wala halina chuma peke yake. Mna titani na vanadi pia. Kwa nini madini haya matatu yakakutana katika jiwe moja? Jibu limo katika ukubwa wa vitu visivyoonekana kwa macho.

Atomu ya chuma ina kiini katikati, na elektroni 26 kukizunguka. Nguvu ya kiini nayo ni 26, basi zimelingana. Atomu ikipoteza elektroni, au ikiongezewa, huitwa ioni.

Katika jiwe hili, oksijeni imekinyang'anya chuma elektroni mbili au tatu. Zilizosalia ni chache, na kiini ni kile kile. Basi huzivuta karibu zaidi, na ioni hunywea. Tukipima kutoka katikati hata ukingoni, atomu ya chuma ni pikomita 126 hivi, yaani sehemu 126 za mita iliyogawanywa mara milioni ya milioni. Ikipoteza elektroni mbili huwa 78. Ikipoteza tatu, 65. Oksijeni ni kinyume: atomu yake ni kama 66, lakini ikipokea elektroni mbili, zote husukumana, nayo hufura hata 140. Basi jiwe ni kama kapu la machungwa, ndiyo oksijeni, na ndimu ndogo zimekaa katika nafasi zilizobaki.

Sasa ioni ya vanadi ni 64 hivi, na ya titani 61. Zimekaribiana na ile ya chuma. Kwa hiyo jiwe lilipoganda zamani kutoka katika moto wa chini ya ardhi, ziliingia katika nafasi zile zile.

Hapo pana faida na taabu. Vanadi huongeza nguvu ya chuma cha pua. Lakini titani hushikamana sana na oksijeni, na katika tanuri hufanya mavi ya chuma kuwa mazito, yasitiririke vema.

Na makaa, je? Yakiwaka hutoa hewa yenye njaa ya oksijeni. Hewa hiyo huichukua oksijeni na kuziacha elektroni. Ioni ya chuma huzipata tena, hunenepa, ikawa atomu kama ilivyokuwa. Chuma hicho ndicho tufuacho majembe.

Basi, akisema mtu kwamba jiwe la Liganga lataka moto tu, mwambieni: lataka na maarifa.