Barua za Askari Katika Kurasa za Baraza

Ukitoka Narok kwenda Bomet unavuka Mto Amala na kuingia Mulot, kituo cha biashara ambako Wakipsigis na Wamaasai ni majirani. Tukiizungumzia nchi hii tunaanza na chai. Mimi naomba leo tuanze na askari.

Kati ya 1939 na 1945, katika Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika wa Kenya karibu 98,000 walilitumikia jeshi la Mwingereza, na Wakipsigis walikuwa miongoni mwa waliosakwa sana na waandikishaji wa KAR (King's African Rifles). Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipenya Bonde la Kabaw huko Burma, kwenye matope, mvua na malaria, ikiwafukuza Wajapani. Huko jeshini wengi walijifunza kusoma na kuandika Kiswahili. Waliporudi, walikuwa na mambo ya kusema.

Palikuwepo pa kuyasemea: Baraza, gazeti la Kiswahili la kila wiki lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, Francis Khamisi akiwa mhariri wake. Ninachokithamini humo ni barua za wasomaji kuliko habari za Gavana. Askari waliandika hata kabla vita havijaisha, wakidai mshahara wa haki na heshima. Faili za DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, zinatuambia serikali ilimwonaje askari. Barua zile zinatuambia askari aliionaje serikali.

Na alikuwa na sababu ya kudai haki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, maofisa Waingereza waliolemaa vitani walitengewa ekari 25,000 Kericho wapande kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa, lakini Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi. Mashamba makubwa ya chai yakafuata. Baada ya 1945 serikali ikawaandalia tena Wazungu waliopigana makazi kwenye nyanda za juu, na askari Mwafrika akakabidhiwa akiba yake na kuambiwa aende kwao. Hata kupanda chai kwenye shamba lake mwenyewe hakuruhusiwa hadi miaka ya 1950.

Basi alijitafutia. Kuna aliyefungua duka, kuna aliyenunua plau ya ng'ombe. Na si askari pekee waliojitafutia: kando ya vijito vya Wakipsigis palikuwa na vinu vya maji ambavyo watu walichangiana kujenga: mfereji unachimbwa kutoka juu, maji yanasukuma gurudumu, jiwe linasaga mahindi, na akina mama wanapumzika kusaga kwa mikono.

Tukirudi kwenye gazeti, Baraza lenyewe lilikuwa mali ya kampuni ya East African Standard, gazeti la walowezi, na mhariri hakuwa huru kuchapa kila kitu. Msomaji wa leo alikumbuke hilo. Hata hivyo, serikali za kaunti za Bomet, Kericho na Narok zingepaswa kuagiza nakala za matoleo ya 1944 hadi 1950 na kuziweka katika maktaba zao, wajukuu wa askari hao wazisome kwa Kiswahili kile kile kilichotumika kuziandika.