Mchezo wa Kuzima Taa, na Vita vya Kuzima Taa

Vijana wetu warudio likizo kutoka mjini hutusimulia habari za michezo ya kompyuta. Upo mmoja uitwao Watch Dogs, uliotoka mwaka 2014. Mchezaji huzunguka katika mji wa Chicago, lakini mji wa picha tu, ndani ya kioo, simu mkononi mwake. Akifukuzwa na polisi hubonyeza kitufe kimoja, na taa za mtaa mzima zazimika. Kitambo kidogo zawaka tena, mchezo waendelea.

Je, jambo kama hilo laweza kutendeka kweli? Laweza, nalo limekwisha kutendeka. Ila halikwenda upesi vile.

Watu wajuao kupenya katika kompyuta za wengine huitwa wadukuzi, na si wote wezi. Kila mwaka wengi wao hukutana Las Vegas, Marekani, katika mkutano uitwao DEF CON. Tangu mwaka 1996 hushindana huko kunyang'anyana bendera. Bendera hiyo si ya kitambaa, bali ni maneno ya siri yaliyofichwa katika kompyuta ya kila kikosi. Vikosi vyote hupewa programu zile zile. Ukiona ufa katika programu yako, waziba upesi, kisha wapenya katika ufa ule ule kwa jirani aliyechelewa kuziba. Mchezo huo una waamuzi na una saa ya kwisha, na kila aliyeingia amekubali kushambuliwa.

Lakini huko Ukraine hakuna aliyeulizwa kama akubali. Miezi mingi kabla ya tarehe 23 Desemba 2015, watumishi wa makampuni ya umeme walipelekewa barua pepe zenye hati ndani yake. Aliyeifungua hati na kuiruhusu ifanye kazi aliwafungulia adui mlango pasipo kujua. Wakaingia, wakakaa kimya, wakaiba maneno ya siri, wakajifunza kazi ya wenyeji. Siku ile alasiri mtumishi akaona kishale katika kioo chake chatembea chenyewe, kikizima umeme wa kituo kimoja baada ya kingine. Akajaribu kukizuia, asiweze. Wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme, wengine saa moja, wengine hata saa sita, na huko ni majira ya baridi. Tena simu za kampuni zikajazwa miito ya uongo, wenye shida wasisikike! Walioleta nafuu ni mafundi waliopanda magari wakaenda kwenye vituo vya kupozea umeme, wakarudisha swichi kwa mikono.

Tarehe 27 Juni 2017 likaja kubwa zaidi. Kirusi kiitwacho NotPetya kilipandikizwa katika programu ya hesabu za kodi itumikayo Ukraine. Kililengwa nchi moja, lakini kirusi hakijui mpaka. Marekani ilikadiria hasara duniani kuwa dola bilioni 10, na mwaka 2020 ikawashtaki maofisa sita wa ujasusi wa jeshi la Urusi kwa mashambulio hayo yote mawili. Urusi yakana.

Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilinaswa humo. Bandarini malori yakajipanga foleni ndefu, hakuna ajuaye kasha lipi ni la nani. Kibaya zaidi, nakala zote za orodha kuu iwezeshayo kompyuta zao kutambuana zilifutika.

Zote isipokuwa moja. Katika ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, kompyuta ikazimika, kirusi kisiifikie. Kuipeleka nakala kwa intaneti kungechukua siku nyingi, na watumishi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akaichukua diski kwa ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaruka nayo mpaka London.

Kwa siku kumi Maersk ikaziwekea upya programu kompyuta 45,000.