Kenya: Kwa nini programu hufundishwa kungoja

Mwezi Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilishambuliwa kwa kutumiwa maombi mengi kuliko kawaida. Hata hivyo, programu isiyo na nia mbaya nayo yaweza kuilemea seva, iwapo itatuma maombi mia kwa mpigo na kurudia papo hapo kila linaloshindwa. Kwa hiyo huwekewa kikomo: matano, kwa mfano, hutangulia, mengine yakingoja zamu. Seva ikijibu 429, yaani maombi yamezidi, programu husubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, pamoja na muda mdogo wa kubahatisha, ili waliokataliwa wasirejee wote kwa pamoja. Malipo yahitaji uangalifu zaidi: ombi likirudiwa bila namba yake ileile ya utambulisho, mwananchi aweza kutozwa mara mbili.